Kadishi, watu kumi na sala ya mtu mmoja: jibu kwa msomaji wa Nakuru

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia kuhusu mwenzake wa kazini, Myahudi aliyetoka Israeli kuja kusimamia mitambo ya umwagiliaji, ambaye alifiwa na baba yake mapema mwaka huu. Tangu aliporudi kutoka mazishini, kila Ijumaa adhuhuri huondoka kwenda Nairobi na haonekani tena mpaka Jumapili, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba kuna sala ya mfiwa ambayo hawezi kuisema mpaka wawepo wanaume kumi. Siku za kazi msomaji humkuta ofisini asubuhi na mapema, amejitanda shuka nyeupe yenye mistari, ana kisanduku cheusi juu ya paji la uso, amesimama akiuelekea mlima Menengai. Maswali yake ni manne. Je, kwa Wayahudi sala ya mtu mmoja haisikiki? Wanasali mara ngapi, na kwa utaratibu gani? Kile kisanduku ni hirizi? Na yeye msomaji, ambaye ni Mkristo, anaweza kujitolea kuwa mtu wa kumi ili kumpunguzia mwenzake safari?

Ndugu yangu, sala ya mtu mmoja inasikika, na hakuna mwalimu wa Kiyahudi niliyewahi kumsoma anayefundisha vinginevyo. Wajibu wa kusali uko juu ya kila mtu mzima kwa nafsi yake. Aliye safarini, hospitalini au gerezani husali peke yake sala ileile ambayo angeisali sinagogini, isipokuwa vipande vichache, na ni hivyo vichache vinavyompeleka mwenzako Nairobi. Ukivitazama kwa makini utaona vina sifa moja: mmoja hutamka na wengine huitikia. Kuna mwito wa kufungua sala ya asubuhi na ya usiku, ambapo kiongozi huwaalika waliopo kumhimidi Mungu nao hujibu. Kuna Kedusha, yaani maneno ya malaika katika Isaya sura ya 6, “Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu”, ambayo kiongozi na mkutano hupokezana. Kuna kusoma Torati hadharani, kuna baraka ya makuhani, na kuna Kadishi, ile sala ya mfiwa. Kadishi isiyo na waitikiaji ni hodi iliyopigwa penye nyumba isiyo na mtu. Anayeisema peke yake hahesabiwi kuwa ametenda dhambi ya kusali vibaya. Tatizo ni kwamba maneno yake hayana wa kuyapokea.

Akidi hiyo ya watu kumi huitwa minyan, na jinsi wanazuoni wa Talmudi, hazina kubwa ya kale ya mijadala ya marabi, walivyoifikia inastahili kuelezwa, kwa sababu inaonyesha vizuri namna yao ya kusoma Maandiko. Walianzia Mambo ya Walawi 22:32, Mungu anaposema atatakaswa kati ya wana wa Israeli. Wakauliza: “kati ya” wangapi? Wakaona usemi huohuo katika Hesabu 16:21, Musa na Haruni wanapoambiwa wajitenge kutoka kati ya mkutano wa Kora. Wakauliza tena: “mkutano” ni watu wangapi? Jibu wakalitoa Hesabu 14:27, Mungu anapolalamika kuhusu mkutano mwovu unaomnung’unikia, ambao kwa usomaji wao ni wale wapelelezi waliorudi kutoka Kanaani na habari za kuvunja moyo. Wapelelezi walikuwa kumi na wawili. Ukiwatoa Yoshua na Kalebu, wanabaki kumi.

Mimi huvutiwa na mnyororo huu kwa sababu kumi wa kwanza, ambao kipimo cha jamii takatifu kinatokana nao, walikuwa wakosaji. Sheria ya baadaye ilibaki na roho hiyohiyo. Shulhan Arukh, kitabu cha sheria alichokitunga Yosef Karo katika karne ya 16, kinasema wazi kwamba hata mtenda dhambi huhesabiwa katika akidi, maadamu jamii haijamtenga rasmi. Rabi tisa wenye elimu nyingi hawatoshi. Wachuuzi kumi wasiojua kusoma sawasawa wanatosha.

Ipo pia desturi ya kutowahesabu watu kwa namba. Anayetaka kujua kama kumi wametimia hupita akitamka kwa Kiebrania aya ya mwisho ya Zaburi ya 28, inayoanza kwa kumwomba Mungu awaokoe watu wake. Aya hiyo ina maneno kumi, na kila mtu hupewa neno lake. Akifika neno la mwisho akakuta mtu, sala inaanza. Hofu ya kuhesabu watu inatokana na sensa ya Mfalme Daudi iliyofuatwa na tauni katika 2 Samweli 24, na nadhani wasomaji wengi wa Afrika Mashariki ambao wazee wao waliwakataza kuhesabu watoto au ng’ombe kwa kidole hawatahitaji maelezo zaidi.

Sasa kuhusu mara ngapi. Sala za kila siku ni tatu: ya asubuhi huitwa Shaharit, ya alasiri Minha, na ya usiku Maariv. Siku ya Sabato na sikukuu huongezwa ya nne, na Yom Kippur, siku ya toba na kufunga, ndiyo pekee yenye sala tano. Talmudi inatoa asili mbili za zile tatu. Ya kwanza inasema zilianzishwa na mababu: Abrahamu asubuhi, Isaka jioni alipotoka kwenda kondeni, na Yakobo usiku aliposhukiwa na giza njiani. Ya pili inasema zilichukua nafasi ya sadaka za kila siku za Hekalu la Yerusalemu, ambalo Warumi waliliharibu mwaka 70: mwana-kondoo wa asubuhi, mwana-kondoo wa alasiri, na viungo vilivyoachwa vikiteketea juu ya madhabahu usiku kucha.

Maelezo hayo ya pili yalileta ugomvi mkubwa kuhusu sala ya usiku. Kwa kuwa usiku hakukuwa na sadaka yake yenyewe, bali masalia tu, je, sala yake ni wajibu au ni hiari? Huko Yavne, mji walikokusanyika wanazuoni, kizazi kimoja baada ya Hekalu kuanguka, Rabi Yehoshua alisema ni hiari. Rabban Gamlieli, aliyekuwa mkuu wa baraza, alisema ni wajibu, na mbele ya wanafunzi wote akamwacha mwenzake amesimama kwa miguu yake huku yeye akiendelea kufundisha, mpaka watu wakachoka na fedheha hiyo, wakamwondoa Gamlieli katika ukuu siku hiyohiyo. Watu baadaye waliichukua sala ya usiku kama wajibu, kwa hiyo kivitendo Gamlieli alishinda. Lakini alama ya mabishano yale ingalipo, kwani mpaka leo kiongozi harudii Amida, ile sala kuu inayosaliwa kwa kusimama, kwa sauti katika sala ya usiku kama anavyofanya asubuhi na alasiri.

Kuhusu saa, msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko wasomaji wengi duniani. Sheria ya Kiyahudi huugawa mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, katika sehemu kumi na mbili, na huita kila sehemu saa. Shema, yaani ungamo la “Sikia, Ee Israeli”, inapaswa kusomwa kabla saa tatu ya mchana haijaisha, sala ya asubuhi kabla ya mwisho wa saa nne, na sala ya alasiri inaruhusiwa kuanzia saa sita na nusu. Mzungu hulazimika kuchukua karatasi na kupiga hesabu ili aelewe saa hizo, lakini sisi tunazisoma kama zilivyo. Tofauti ni moja: sisi tunaanzia saa kumi na mbili ya saa ya ukutani, wao wanaanzia jua lenyewe, na wapo wanaoanzia alfajiri. Kwa hiyo London wakati wa baridi, mchana ukiwa haufiki saa nane za kawaida, “saa” ya sala huwa na dakika arobaini hivi, na mtu anayechelewa kuamka huweza kupitwa na Shema. Nakuru, karibu kabisa na ikweta, saa ya sala ni dakika sitini mwaka mzima, na mwenzako anaweza kuzoea wakati mmoja bila kutazama jedwali.

Upande wa kuelekea pia ni rahisi kwenu. Wayahudi husali wakielekea Yerusalemu, kufuatana na sala ya Sulemani katika 1 Wafalme 8 na mfano wa Danieli, aliyefungua madirisha yaliyoelekea Yerusalemu na kupiga magoti mara tatu kwa siku. Wayahudi wa Ulaya wamezoea kuelekea mashariki kiasi kwamba wengi huweka pambo kwenye ukuta wa mashariki wa nyumba. Lakini Yerusalemu na Nakuru zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Ndiyo sababu mwenzako huelekea Menengai, karibu na upande uleule ambao jirani zenu Waislamu huuelekea.

Katikati ya sala ya asubuhi na ya usiku kuna Shema, yaani kusoma vifungu vitatu vya Torati kuanzia Kumbukumbu la Torati 6:4, “Sikia, Ee Israeli”. Mstari wa kwanza husemwa mtu amefunika macho kwa mkono wa kulia ili asivutwe na kitu. Baada yake inakuja Amida, ambayo ndiyo sala yenyewe. Talmudi inaposema “sala” bila kuongeza neno, inakusudia hii. Jina lake la kale lina maana ya kumi na nane, ingawa baraka zake za siku za kazi ni kumi na tisa, kwa sababu moja iliongezwa huko Yavne na jina likaachwa lilivyo. Tatu za kwanza ni sifa, tatu za mwisho ni shukrani na amani, na kumi na tatu za katikati ni maombi: akili, toba, msamaha, uponyaji, mvua na mazao, kurudi kwa waliotawanyika, kujengwa kwa Yerusalemu. Siku ya Sabato maombi hayo ya haja huondolewa, na baraka hubaki saba.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo, maana hapa kuna jibu la ndani zaidi la swali lake la kwanza. Maombi yote ya Amida yako katika wingi. Mgonjwa aliyelala peke yake wodini hasemi “niponye”. Husema “tuponye, nasi tutapona”. Aliyekosa jana usiku husema “tusamehe, kwa kuwa tumekosa”. Anaweza kuongeza haja yake binafsi kwa maneno yake mwenyewe, na sheria inaruhusu hivyo, lakini kiunzi cha sala hakimruhusu kuzungumza kama mtu aliyetengana na wenzake. Kwa hiyo ukimwona mwenzako peke yake ofisini, ujue kwamba anaongea kwa niaba ya watu ambao hawapo chumbani.

Namna ya kuisali Amida imepangwa hadi hatua za miguu. Husogea nyuma hatua tatu, kisha mbele hatua tatu, kama mtu anayeingia mbele ya mfalme, halafu huunganisha miguu kana kwamba ni mguu mmoja. Huinama mwanzoni na mwishoni mwa baraka ya kwanza, na tena mwanzoni na mwishoni mwa ile ya shukrani. Midomo hutembea lakini sauti haisikiki kwa jirani. Hilo wanazuoni walilichukua kwa Hana, mama yake Samweli, ambaye kuhani Eli alimdhania mlevi. Wengine huyumba taratibu mbele na nyuma, wengine husimama tuli, na hakuna sheria inayowalazimisha kufanya lolote kati ya hayo mawili. Akiwa humo, usimsalimie. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria ambao Talmudi huufafanua, inasema hata mfalme akimsalimu asijibu, na hata nyoka akijizungusha kwenye kisigino chake asikatize. Talmudi, ambayo mara nyingi huwa na akili ya kawaida pale unapodhani imeikosa, ikaongeza kwamba akiwa ni nge, akatize. Pia ni adabu usipite mbele yake karibu. Wao huweka kipimo cha dhiraa nne, kama mita mbili hivi.

Sala hizi husemwa kwa Kiebrania, lakini Mishna inaruhusu Shema na Amida zisaliwe kwa lugha yoyote. Jambo linalosisitizwa ni nia ya moyo. Maimonides aliandika kwamba sala isiyo na nia si sala, naye aliishi katika karne ya 12 akiwa tabibu mwenye shughuli nyingi, kwa hiyo alijua vizuri anachokidai. Waliomfuata walilegeza, wakisema walau baraka ya kwanza ya Amida isaliwe kwa nia kamili, kwa kuwa binadamu hawezi kuishikilia mpaka mwisho. Naona waliolegeza walikuwa wakweli zaidi kuhusu hali ya watu.

Tuje kwenye shuka na kisanduku. Shuka ni taliti, na kitu cha maana ndani yake ni vishada vilivyofungwa kwenye pembe zake nne kwa agizo la Hesabu 15; mistari ni pambo tu. Visanduku ni viwili, ingawa labda umeona kimoja, kwa maana kingine hukaa chini ya mkono wa shati. Huitwa tefilini. Vimetengenezwa kwa ngozi ya mnyama halali, na ndani yake kuna vifungu vinne vya Torati, viwili vya Kutoka 13 na viwili vya Kumbukumbu la Torati 6 na 11, vilivyoandikwa kwa mkono. Cha mkononi kina chumba kimoja chenye vifungu vyote kwenye ukanda mmoja wa ngozi. Cha kichwani kina vyumba vinne, kila kifungu na chake. Anayetumia mkono wa kulia hufunga kwenye mkono wa kushoto, juu ya msuli ili kisanduku kielekee moyoni, na kamba huzungushwa mara saba chini ya kiwiko. Kisha huweka cha kichwani pale nywele zinapoanzia, ndipo arudi kumalizia kamba ya mkono kwa kuizungusha kwenye kidole cha kati, na wakati huo wengi husema maneno ya Hosea, ya Mungu anayemposa Israeli awe wake milele, kwa haki na kwa huruma. Anayeyafanya haya kila asubuhi kwa miaka thelathini hahitaji kutazama mikono yake.

Kwa hiyo si hirizi. Hazivaliwi ili kukinga husuda wala ajali, na hazivaliwi wakati wa hatari bali wakati wa sala ya asubuhi ya siku za kazi. Siku ya Sabato, ambayo ingekuwa siku ya kwanza ya kuvaa kama zingekuwa na nguvu za kulinda, hazivaliwi kabisa, kwa kuwa Sabato yenyewe ni ishara ya agano na haihitaji ishara ya pili. Kofia ndogo ya kichwani, kwa upande wake, haimo katika Torati. Ni desturi iliyokua mpaka ikapata uzito wa sheria.

Kadishi sasa. Wengi hudhani ni kama hitima au misa ya wafu, yaani maneno ya kumwombea marehemu. Ukiisoma hutakuta kifo, wala kaburi, wala jina la aliyefariki. Imeandikwa karibu yote kwa Kiaramu, lugha ambayo watu wa kawaida waliizungumza zamani zile, na mwanzo wake kwa Kiswahili ni hivi: “Litukuzwe na litakaswe jina lake kuu, katika ulimwengu aliouumba kwa mapenzi yake, na ausimamishe ufalme wake katika uhai wenu na katika siku zenu, na katika uhai wa nyumba yote ya Israeli, upesi na karibuni, nanyi semeni Amina.” Mkristo yeyote ataisikia humo Sala ya Bwana, jina kutakaswa na ufalme kuja, na si ajabu, kwani Yesu na wanafunzi wake walisali katika mazingira hayohayo ya maneno. Ndipo mkutano unaitikia, “Jina lake kuu lihimidiwe milele na milele,” na Talmudi inaliweka itikio hilo juu sana, juu kuliko maneno ya anayeongoza. Ukielewa hivyo unaelewa pia kwamba tendo la mfiwa ni kuwafanya watu wengine tisa, kwa kinywa chao, walihimidi jina la Mungu, na hilo ndilo linaloandikwa upande wa baba yake.

Asili yake haikuwa matanga. Kadishi ilihitimisha mafundisho na sehemu za sala, na bado hufanya hivyo. Desturi ya mfiwa kuisimamia inaonekana wazi katika maandishi ya Wayahudi wa nchi za Ujerumani kufikia karne ya 13, na wapo wanahistoria wanaoihusisha na mauaji ya mwaka 1096, wakati wa vita vya kwanza vya Msalaba, yaliyoziacha jumuiya za bonde la mto Rhine na mayatima wengi. Kutoka huko ilienea. Wasefaradi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania na nchi za Mediterania, huongeza ndani yake maneno ya kuomba ukombozi na ujio wa Masihi, na mwenzako akitumia kitabu cha wengine atakwama hapo kidogo.

Mtoto humsemea mzazi wake Kadishi kwa miezi kumi na mmoja, si kumi na miwili. Sababu inagusa heshima. Mishna inasema hukumu ya waovu baada ya kifo hudumu miezi kumi na miwili; mtoto akiisema mwaka mzima ataonekana anamweka mzazi wake katika kundi hilo. Rabi Moshe Isserles wa Krakow, katika karne ya 16, aliandika kwamba desturi ni kuacha mwezi mmoja kabla, na jumuiya nyingi zinafuata hivyo, ingawa baadhi ya Wasefaradi huhesabu kwa namna nyingine. Kwa mke, mume, ndugu au mtoto, muda ni siku thelathini.

Nani huhesabiwa katika kumi? Kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sheria kwa njia ya zamani, ni wanaume Wayahudi waliotimiza miaka kumi na mitatu. Madhehebu ya Mageuzi huhesabu wanawake pia, na kamati ya sheria ya Wakonservative wa Marekani, walio katikati ya pande hizo mbili, iliruhusu jambo hilo mwaka 1973. Mfano wa karibu nasi upo Uganda, kwa Abayudaya wa maeneo ya Mbale, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919 na wakapita kipindi kigumu cha kupigwa marufuku na Idi Amin. Wengi wao walifuata njia ya Kikonservative, na Rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja lake Los Angeles mwaka 2008; kwao wanaume na wanawake hukaa na kuhesabiwa pamoja, na Zaburi huimbwa kwa Kiebrania na kwa Luganda. Mwenzako, kwa jinsi anavyozungumzia wanaume kumi na kwa jinsi anavyoondoka Ijumaa mchana, anafuata njia ya Kiorthodoksi: Sabato ikishaingia jua linapozama hapandi gari, kwa hiyo ni lazima afike Nairobi kabla na alale huko. Katika jumuiya ndogo ni rahisi kuwapata kumi siku ya Sabato kuliko Jumanne asubuhi.

Usidhani siku zilizobaki hamfanyii baba yake lolote. Wasiopata akidi hujifunza kifungu cha Mishna kwa jina la marehemu, husoma Zaburi au hutoa sadaka, na marabi wengi wanayahesabu matendo hayo kuwa na thamani kamili. Mtu aweza kuuliza kuhusu mikutano ya video. Wakati wa korona mwaka 2020, marabi wa Kikonservative waliruhusu baadhi ya jumuiya kuhesabu watu kumi kwa njia hiyo kwa muda wa dharura. Waorthodoksi walishikilia kwamba kumi lazima wawe mahali pamoja, na ugomvi wao ulikuwa juu ya majirani waliosali kila mtu barazani kwake huku wakionana.

Swali lako la nne lilinigusa, na sipendi kulijibu kwa “hapana”, lakini ndivyo lilivyo. Akidi ni ya wale waliofungwa na amri hizo, na Kadishi ni tendo la jamii hiyo kumtakasa Mungu wake. Usilichukue kama dharau: mtoto wa kiume wa rabi mwenye miaka kumi na miwili, anayejua sala yote kwa moyo, naye hahesabiwi. Kuhudhuria ni jambo lingine. Ukienda naye sinagogini, mwombe kwanza awaarifu wenyeji, funika kichwa, acha simu kwenye gari siku ya Sabato, simama wanaposimama, na huhitaji kutamka usichokiamini. “Amina” utaijua mwenyewe.

Unachoweza kumfanyia ni mambo ya kazini. Sala ya alasiri huchukua kama robo saa na mwisho wake ni jua kuzama, kwa hiyo kikao kinachoanza saa kumi na moja jioni kikirefuka humbana. Mpe nafasi kabla. Usipange safari ya kikazi itakayomrudisha Ijumaa usiku. Akiwa bado katika mwaka wa matanga, kwa kawaida hahudhurii sherehe zenye muziki, basi asipokuja kwenye hafla ya kampuni usimtetee kwa kusema ana homa. Sema amefiwa, inatosha. Na muulize tarehe ya Kiebrania ya kifo cha baba yake, kwa kuwa kila mwaka siku hiyo atawasha mshumaa na kuisema Kadishi tena, ikiwa atawapata kumi. Mwaka wao wa kawaida una siku 354 hivi, na mara saba katika kila miaka kumi na tisa huongezwa mwezi mzima, kwa hiyo siku hiyo itahama kwenye kalenda ya ofisi, mara nyuma siku kumi na moja, mara mbele karibu wiki tatu. Akikutajia, iandike kuanzia jioni ya kuamkia siku yenyewe, maana siku ya Kiyahudi huanza jua likizama, na mwombeeni ruhusa mapema ya siku mbili, ya kwenda Nairobi na ya kurudi.